Mtoto "asiyefundishika": jinsi wazazi walivyoipeleka shule mahakamani

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria ya elimu ya jimbo la Pennsylvania nchini Marekani iliiruhusu shule ya umma kumrudisha nyumbani mtoto ambaye, alipofika kuanza darasa la kwanza, hakuwa ametimiza kile kilichoitwa umri wa akili wa miaka mitano. Kifungu kingine kilimpa mwanasaikolojia wa shule mamlaka ya kuthibitisha kwamba mtoto fulani hafundishiki wala hazoezeki. Uthibitisho huo ukishakubaliwa, mamlaka ya elimu iliondolewa wajibu wote juu ya mtoto huyo, na jina lake likahamia idara ya ustawi wa jamii, ambayo haikuwa na sharti la kumfundisha chochote. Sheria haikumtaka mtu yeyote amwite mzazi, amsikilize, wala amwonyeshe njia ya kukata rufaa.

Katika mwaka wa masomo wa 2022 na 2023, wanafunzi wapatao milioni 7.5 wenye umri wa miaka 3 hadi 21, yaani takriban asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma za nchi hiyohiyo, walipata huduma za elimu maalumu chini ya sheria ya shirikisho. Kila mmoja wao anapaswa kuwa na hati yenye jina lake, inayoeleza shule inadaiwa kumfanyia nini. Mabadiliko hayo yaliletwa kwa sehemu kubwa na wazazi waliochoka kuambiwa wasubiri. Makala haya yanaeleza njia waliyopita, chombo walichokipata, kasoro zake, na sababu ya hoja zao kustahili kusomwa kwa makini katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, ambako sheria zipo na watoto wengi bado wamekaa nyumbani.

Ni watoto gani wanaozungumziwa

Elimu maalumu ni mafunzo yanayorekebishwa ili yamfae mtoto ambaye njia ya kawaida ya darasani haimtoshi. Wamo watoto wenye ulemavu wa akili, yaani wale wanaochelewa kuelewa na kujitegemea. Wenye usonji, ambao wengine huuita tawahudi. Wenye ugonjwa wa Down. Na wenye mtindio wa ubongo, ambao shida yao huwa kwanza ni ya misuli na mwendo, ingawa mitaani jina hilo limezoeleka kubandikwa mtoto yeyote aliye tofauti. Wamo pia wale ambao jicho la haraka haliwaoni: mwenye disleksia, anayezungumza na kufikiri vizuri lakini herufi zikamkatalia, au yule asiyeweza kutulia na kuweka akili mahali pamoja kwa dakika kumi. Hawa wa mwisho ndio wanaochapwa zaidi, kwa kuwa mwalimu huwadhania kuwa wavivu au watukutu.

Majina yenyewe yana historia. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kisu, na kikabaki na maneno kama taahira, zezeta na punguani ambayo hayasemwi mbele ya mzazi mwenyewe bila kumjeruhi. Tumehamia taratibu kwenye "mtu mwenye ulemavu", na si mabadiliko ya adabu tu, kwani anayeitwa mtu huulizwa anahitaji nini. Wamarekani nao walipita njia hiyo. Chama cha wazazi kilichoshtaki jimbo la Pennsylvania kilibeba ndani ya jina lake neno ambalo leo ni tusi, na mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoliondoa neno hilo katika sheria za shirikisho za afya, elimu na kazi.

Lawama kwa mama

Kabla ya mahakama kulikuwa na vyama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walianza kukutana majumbani na makanisani, wakafungua madarasa yao wenyewe katika vyumba vya kuazima. Mwaka 1963 wazazi wa kundi jingine walikutana mjini Chicago. Watoto wao hawakuwa na ulemavu wa akili, lakini walikuwa hawajifunzi kusoma, na hakuna aliyekuwa na jina la tatizo lao. Mwanasaikolojia Samuel Kirk aliwapa istilahi ya ulemavu wa ujifunzaji, na kutokana na mkutano huo kikazaliwa chama cha taifa. Kwa mzazi, jina lilikuwa kitu cha kushika mkononi, na kwa shule lilikuwa kundi ambalo fedha zingeweza kutengwa kwa ajili yake.

Wazazi wa watoto wenye usonji walikuwa na mzigo mzito zaidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wengi waliamini kwamba usonji husababishwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake, na Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago aliieneza dhana hiyo kwa maandishi yaliyosomwa na watu wengi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini na baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964, akieleza kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha chama cha taifa cha wazazi. Sayansi ilikuja kumpa haki.

Msomaji wa ukanda huu hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Kwetu lawama huja kwa sura nyingine: mama alivunja mwiko wa mimba, kuna laana katika ukoo wake, au ametupiwa kitu na jirani. Baba huondoka, na mama hubaki na mtoto pamoja na maneno ya watu. Mama aliyeaminishwa kwamba yeye ndiye chanzo cha hali ya mwanawe haendi kumdai mwalimu mkuu nafasi darasani, ndiyo maana kuondoa lawama kulikuwa, na bado ni, hatua ya kwanza ya utetezi.

Pennhurst na siku moja ya ushahidi

Karibu na Philadelphia palikuwa na taasisi ya serikali iitwayo Pennhurst, iliyofunguliwa mwaka 1908 ili kuwatunza watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1968 mwandishi wa televisheni Bill Baldini alipeleka kamera ndani yake na kutangaza ripoti ya sehemu tano. Watazamaji waliona watu waliofungwa kamba, watoto waliolazwa kwenye vitanda vya vizimba kuanzia asubuhi hadi usiku, na mabweni yaliyojaa kupita kiasi yakiwa na wahudumu wachache. Wengi wa waliokuwamo walifika pale utotoni kwa sababu shule iliwakataa na familia haikuwa na pengine pa kwenda.

Mwaka 1969 chama cha wazazi cha Pennsylvania kilimwajiri wakili Thomas Gilhool, ambaye ndugu yake mwenyewe alikuwa ameishi Pennhurst. Wangeweza kushtaki juu ya hali ya taasisi hiyo peke yake. Waliamua kulenga lango lililowapeleka watoto huko, yaani shule. Kesi ilifunguliwa Januari 1971 mbele ya mahakama ya shirikisho. Msingi wa hoja ulitokana na uamuzi maarufu wa mwaka 1954, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, uliopiga marufuku kuwatenga wanafunzi weusi: kama dola imeamua kutoa elimu, basi sharti iitoe kwa wote kwa masharti sawa.

Tarehe 12 Agosti 1971 wataalamu walianza kutoa ushahidi. Walieleza kwamba hakuna mtoto asiyeweza kunufaika na mafunzo. Wengi wa watoto wenye ulemavu wa akili wanaweza kufundishwa hadi wajitegemee, na waliobaki wanaweza kujifunza angalau kujihudumia kwa kiasi fulani. Kwa mtoto anayelishwa kila siku, kujifunza kushika kijiko ni elimu. Ushahidi wa siku moja ulitosha, na jimbo likachagua kuafikiana na wazazi badala ya kuendelea kubishana. Amri iliyotokana na maafikiano hayo, iliyokamilishwa mwaka 1972, ilikataza jimbo kumnyima mtoto yeyote mwenye ulemavu wa akili elimu ya bure inayomfaa, na ikaweka kitu kipya: mtoto asihamishwe wala asiondolewe darasani kabla mzazi hajaarifiwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kusikilizwa.

"Hatuna fedha"

Kesi ya pili ni fupi, na kwa nchi zenye bajeti ndogo huenda ndiyo yenye uzito zaidi. Katika jiji la Washington familia za watoto 7 ziliishtaki bodi ya elimu. Baadhi ya watoto hao walikuwa na ulemavu wa akili na wengine walielezwa kuwa na matatizo ya tabia. Wote waliondolewa shuleni bila kusikilizwa. Bodi haikukana wajibu wake. Ilisema tu kwamba haina fedha.

Jaji Joseph Waddy alitoa uamuzi tarehe 1 Agosti 1972. Alisema kwamba kama fedha hazitoshi kwa huduma zote zinazohitajika, basi zile zilizopo zigawanywe kwa haki ili asiwepo mtoto anayeachwa nje kabisa. Upungufu, uwe umetokana na ukata au na uzembe wa utawala, hauwezi kuachwa uwaangukie watoto wenye ulemavu kwa uzito kuliko wenzao. Jaji hakuiamuru bodi itafute fedha isizonazo. Alichokikataa ni mazoea ya kukata kwanza fungu la yule asiye na sauti, na mazoea hayo hayana uhusiano na utajiri wa nchi.

Sheria ya 1975 na hati yake

Kesi za namna hiyo zikaenea katika majimbo mengi, na bunge la Marekani likaamua kutunga sheria moja. Lilikadiria kwamba nchi ilikuwa na zaidi ya watoto milioni 8 wenye ulemavu, kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata elimu inayowafaa, na kwamba milioni moja walikuwa nje ya shule za umma kabisa. Rais Gerald Ford aliitia saini tarehe 29 Novemba 1975, huku akionya waziwazi kwamba inaahidi zaidi ya kile serikali itakachoweza kulipa. Mwaka 1990 sheria hiyo ilibadilishwa jina, na usonji ukaongezwa kwa jina katika orodha ya ulemavu unaotambuliwa.

Nguvu ya sheria hii imo katika utaratibu kuliko katika ahadi zake. Mzazi, au mwalimu, anaomba mtoto apimwe. Shule haiwezi kupima kwa mara ya kwanza bila idhini ya mzazi, na idhini ikitolewa upimaji unapaswa kukamilika ndani ya siku 60, au muda mwingine uliowekwa na jimbo. Ikionekana mtoto anastahili, kikao kinaitwa: mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa shule mwenye uwezo wa kuidhinisha matumizi, mtu wa kufafanua vipimo, na mzazi, ambaye kisheria ni mjumbe kamili wa kikao. Kazi yao ni kuandika mpango wa elimu wa mtoto huyo mmoja: yuko wapi sasa, baada ya mwaka afike wapi, atapata saa ngapi za huduma gani, na maendeleo yake yatapimwaje. Mpango unapitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto anapimwa tena angalau kila baada ya miaka mitatu.

Sheria inataka pia mtoto asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyofaa, na asitengwe isipokuwa pale ambapo msaada wa ziada ndani ya darasa la kawaida umeshindwa kutosha. Mzazi asiyeridhika anaweza kudai upatanishi, au kikao cha malalamiko mbele ya msikilizaji asiye mwajiriwa wa shule, kisha aende mahakamani. Wakati mabishano yanaendelea, mtoto kwa kawaida hubaki pale alipokuwa. Sharti hilo dogo limeokoa wengi, kwa sababu bila hilo shule ingemwondoa mtoto kwanza na kubishana baadaye.

Je, kuna mtoto ambaye ulemavu wake ni mkubwa kiasi cha kutoka nje ya sheria hii? Swali hilo liliulizwa katika jimbo la New Hampshire kuhusu mvulana mwenye ulemavu mzito sana. Mahakama ya chini ilikubali kwamba asiyeweza kunufaika hana haki hiyo. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo na kusema kwamba sheria haikumtaka mtoto athibitishe kwanza kwamba atanufaika.

Palipopungua

Itakuwa kosa kuisifu sheria hiyo kama tiba. Serikali kuu iliahidi kulipa hadi asilimia 40 ya gharama ya wastani ya mwanafunzi kwa ajili ya kila mtoto mwenye ulemavu, na haijawahi kulikaribia fungu hilo. Onyo la Ford lilitimia, na mzigo ukabaki kwa majimbo na halmashauri za shule.

Kiwango cha elimu inayodaiwa nacho kilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya msichana kiziwi aliyenyimwa mkalimani wa lugha ya alama, kwamba shule haidaiwi kumpa kila kitu cha kumfikisha kwenye kilele cha uwezo wake. Shule nyingi zikaufanya uamuzi huo kuwa kisingizio cha kutoa kidogo kabisa. Ilichukua miaka 35 hadi kesi ya mvulana mwenye usonji kutoka Colorado, iliyoamuliwa Machi 2017 bila jaji hata mmoja kupinga, kusema kwamba mpango sharti ulenge maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto, na kwamba hatua za kujikongoja hazitoshi.

Kisha kuna pengo la kipato. Mwaka 2005 mahakama hiyo iliamua kwamba anayelalamika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mwaka 2006 ikasema mzazi aliyeshinda hawezi kurudishiwa malipo ya mtaalamu aliyemwajiri. Mzazi mwenye fedha huja na wakili na daktari wake. Mwingine huja na bahasha ya madaftari ya mtoto. Hapo ndipo wanapohitajika watetezi wa elimu maalumu, mara nyingi wazazi waliopitia njia hiyo wakaisoma sheria kwa shida zao wenyewe, wanaokaa pembeni ya mzazi mgeni kikaoni na kuuliza maswali asiyoyajua.

Tena, kutambuliwa kunaweza kugeuka kutengwa. Huko California, mwaka 1979, jaji Robert Peckham aliamua kwamba vipimo vya akili vilikuwa vikiwapeleka watoto weusi katika madarasa ya wenye ulemavu wa akili kwa wingi usiolingana na idadi yao, na kwamba vipimo hivyo vilikuwa na upendeleo. Madarasa hayo yalikuwa mwisho wa safari, maana hayakuwa na mtaala wa kumrudisha mtu. Hofu ya wazazi wa Kiafrika kwamba karatasi ya daktari itamfungia mtoto mlango badala ya kumfungulia haikutoka hewani.

Mzazi anayezungumza Kiswahili kikaoni

Maelfu ya familia za wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao waliopita katika kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wamepewa makazi nchini Marekani. Watoto wao wanaingia katika mfumo huu, na vifungu viwili vinawahusu moja kwa moja. Shule inawajibika kuhakikisha mzazi anaelewa yanayosemwa kikaoni, ikiwa ni pamoja na kuleta mkalimani, na kutoa taarifa muhimu za maandishi katika lugha ya mzazi pale inapowezekana. Kifungu cha pili kinakataza mtoto kutangazwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza vizuri au kukosa mafunzo mazuri ya kusoma na hesabu hapo awali. Mtoto aliyekaa kambini miaka minne bila darasa la maana si mwenye ulemavu wa ujifunzaji kwa sababu hiyo pekee.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa mila. Kwetu mwalimu huheshimiwa, na kumpinga mbele ya wakubwa zake huonekana utovu wa adabu. Mzazi huitikia kwa kichwa, husema "sawa, mwalimu", kisha hutia saini. Kikao cha Kimarekani husoma ukimya huo kama ridhaa. Mzazi anaweza kuomba aende na karatasi nyumbani, aisome na mtu anayemwamini, na arudi siku nyingine. Anaweza kukubali sehemu ya mpango na kuipinga sehemu nyingine. Asimtumie mtoto mwenyewe wala kaka yake kuwa mkalimani, kwa maana hakuna mtoto anayepaswa kutafsiri maneno yanayomhukumu yeye au ndugu yake.

Cape Town, 2010

Barani Afrika hoja ya Pennsylvania ilisikika tena karibu miaka 40 baadaye. Katika jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, watoto wenye ulemavu mzito wa akili, waliopimwa na kuwekwa chini ya kipimo cha 35, hawakupokelewa katika shule za kawaida wala katika shule maalumu. Walikaa katika vituo vilivyoendeshwa na mashirika ya hiari, na serikali ikitoa ruzuku ndogo kupitia idara ya afya, kana kwamba utoto wao ni ugonjwa. Wengine hawakuwa na kituo chochote.

Jukwaa la mashirika hayo liliishtaki serikali. Upande wa serikali ulieleza kwamba elimu, hata iwe nyingi kiasi gani, haitawafaa watoto hao, na kwamba fedha hazitoshi. Tarehe 11 Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Cape Town ilikataa hoja zote mbili. Iliona kwamba haki yao ya elimu ya msingi, usawa, utu na kinga dhidi ya kutelekezwa ilikuwa imevunjwa, na kwamba hakukuwa na maelezo ya kwa nini upungufu wa bajeti ubebwe na wao tu. Serikali iliamriwa kuchukua hatua na kuirudishia mahakama ripoti ya utekelezaji ndani ya mwaka mmoja. Mwendo ulikuwa wa kobe: mwaka 2015 shirika la Human Rights Watch bado lilikadiria kwamba watoto wapatao nusu milioni wenye ulemavu nchini humo walikuwa nje ya shule. Hata hivyo, uamuzi huo ulizaa mtaala wa watoto wenye ulemavu mzito, na baadaye fungu maalumu katika bajeti ya taifa.

Ukanda wetu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 24 zihakikishe mfumo wa elimu jumuishi katika ngazi zote. Kenya, Uganda na Rwanda zilijiunga nao mwaka 2008, Tanzania 2009, Burundi 2014 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2015. Marekani iliutia saini lakini baraza lake la seneti lilishindwa kuuridhia Desemba 2012, likikosa theluthi mbili ya kura. Kwa hiyo nchi yenye utaratibu mkali kuliko nyingi iko nje ya mkataba, na nchi zetu zote ziko ndani.

Yapo mambo ya kujivunia. Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi ya bure mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, ilielekeza kwamba mtoto mwenye ulemavu ahesabiwe kwanza, sharti ambalo lilimlazimu baba kumtaja mtoto aliyekuwa akifichwa. Chuo Kikuu cha Kyambogo kimefundisha walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Kenya ilianza vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na chuo chake cha elimu maalumu, KISE, kikafuata mwaka 1986. Tanzania ina chuo cha ualimu cha Patandi karibu na Arusha, na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010. Kongo ilipata sheria yake ya kulinda haki za watu wenye ulemavu Mei 2022, na Kenya ikafanya upya ya kwake Mei 2025.

Kinachokosekana zaidi ni kile ambacho wazazi wa Pennsylvania walikidai kwanza, yaani utaratibu wenye tarehe. Walimu waliosomea elimu maalumu katika ukanda huu wanaujua mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja na wengi wanauandika, lakini mara nyingi unabaki kuwa hati ya mwalimu ndani ya kabati lake. Mzazi hana nakala, hakuwepo ulipoandikwa, na hakuna siku ambayo shule itaulizwa kwa nini haukutekelezwa. Mtoto anapokataliwa, hukataliwa kwa mdomo: "Mama, hapa hatuna mwalimu wa watoto kama huyu, jaribu kule." Maneno ya namna hiyo hayaachi alama. Hayawezi kupelekwa kwa afisa elimu, kwa tume ya haki za binadamu, wala kwa jaji.

Kwa sababu hiyo vyama vya wazazi katika nchi mbalimbali huwafundisha wanachama wao jambo la kwanza ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha: kuomba nafasi kwa barua yenye tarehe, kuandika jina la mtoto, umri wake na matokeo ya upimaji kama yapo, kubaki na nakala iliyopigwa muhuri, na kuomba jibu kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana. Mwalimu mkuu anayeombwa aandike kwamba amemkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake hulazimika kusoma kwanza sheria ya nchi yake inasema nini.